Fundi Aliyeonja Pipa Jeupe

Siku ya kwanza kumwona Khalidi, nilikuwa nimekwenda Bunda kutafuta jeneza. Alikuwa ameketi juu ya rundo la mbao mbele ya karakana yake, nyuma ya soko, chupa ya soda ya machungwa mkononi, na nyuki wachache wakitembea kwenye mdomo wa chupa. Hakuwafukuza. Aliwasubiri washibe ndipo anywe yeye.

Nilisimama pembeni. Mimi si mtu wa kuanza maneno. Tangu shule ya msingi, mwalimu akiniuliza jibu ninalolijua nilikuwa naangalia chini mpaka amgeukie mwingine. Basi nikasimama hapo hadi aliponiona mwenyewe.

"Mura, umekuja kununua au kunilindia karakana?"

Mura ni kijana, ndivyo tunavyoitana huku kwetu. Nikamwambia nataka jeneza. Akaiweka soda chini.

"La nani?"

"La kaka yangu, Revocatus. Shimo la dhahabu limemfukia kule Buhemba."

Hakutania tena. Alichukua futi kamba, akaniuliza kama marehemu alikuwa na urefu wangu. Nikasema alinizidi kidogo. Akanipima mimi, kutoka utosini hadi kisigino, kisha akaongeza upana wa kiganja. Jeneza la kaka yangu lilitengenezwa kwa kipimo cha mwili wangu.

Alilileta mwenyewe hadi kwetu, Butiama. Ardhi yetu ni ya mawe, na vijana waliokuwa wakichimba kaburi walikuwa wamekwama kwenye jiwe moja kubwa. Khalidi alivua kanzu, akabaki na fulana, akashika mtaimbo. Yeye Mwislamu, sisi Wakatoliki. Katekista alipoanza sala, alisogea kando akainamisha kichwa, jasho likimtiririka. Malipo ya jeneza aliyakataa mbele ya watu wote, na mama yangu alimshika mkono, hakuuachia kwa muda mrefu.

Kabla ya kuondoka aliuona mzinga wa gogo wa marehemu baba, ulio juu ya mwamba nyuma ya nyumba.

"Wa nani ule?"

"Ulikuwa wa baba. Sasa wangu."

"Na kazi yako?"

Nikaona aibu kusema. Nilikuwa nikifanya kazi katika shimo lilelile lililomuua Revocatus. Siku ile nilikuwa nimepanda juu kunywa maji tu.

"Usirudi kule," akasema. "Mimi nitakuchongea mizinga. Wewe wagawe nyuki wa mzee wako. Kaburi moja linatosha kwa mama mmoja."

Hivyo ndivyo tulivyoanza.

Khalidi alikuwa mtu wa maneno, na mimi nilikuwa mtu wa kusikiliza, kwa hiyo tulielewana. Alinieleza kwamba baba yake alitoka Tabora kufuata kazi ya pamba, akaajiriwa kwenye kinu cha kuchambulia pamba hapo Bunda, akaoa hapohapo. Kinu kilipozorota, mzee alibaki na watoto bila pamba. Khalidi akaingia kwa fundi seremala akiwa bado mdogo, akaanza kwa kufagia takataka za randa. Alitengeneza madawati, vitanda, milango, majeneza. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto kilikatwa ncha na msumeno.

"Kimebaki kwenye dawati la shule moja," alikuwa akisema. "Kuna mtoto amekikalia mpaka amemaliza darasa la saba. Mimi mwenyewe sikufika huko!"

Mkewe, Mwanahalima, alikuwa akiuza vitumbua mbele ya karakana na kumgombeza kwa sababu ya soda. "Huyu bwana akifa," aliniambia siku moja, "hatutahitaji kumsindikiza. Nyuki watambeba." Khalidi alicheka hadi akapaliwa.

Mizinga yake ilikuwa mizuri. Vifuniko vilikaa sawasawa, hapakuwa na ufa wa kupitisha siafu. Na tulikuwa na desturi nyumbani kwetu ambayo baba aliitunza na mimi nikaishika: sega la kwanza la mzinga mpya haliliwi na mwenye mzinga. Analila fundi aliyeuchonga, mbele ya mwenyewe, akiwa amesimama chini ya mzinga. Akishakula, mzinga huo ni kama mtoto wake pia. Baba alisema fundi aliyekula sega la kwanza hawezi kukudanganya juu ya mzinga huo, kwa sababu kinywa chake kimeingia ndani yake.

Khalidi alilila sega la kwanza la kila mzinga niliotundika. Alikuja kila mara kutoka Bunda, akasimama kati ya mawe na migunga, akatafuna sega zima na nta yake, asali ikimchuruzika kwenye ndevu. "Hii," alisema, "haina soda inayoifikia." Makundi yote yalitoka kwenye mzinga wa gogo wa baba. Miaka ikapita na mimi sikukanyaga Buhemba tena. Tulikula kwa asali, na mtama kidogo. Mke wangu, Nyamburi, alinitania kwamba naongea na nyuki kuliko ninavyoongea naye.

"Nyuki hawanijibu," nilimwambia.

"Ndiyo maana unawapenda!"

Kisha ukaja mwaka ambao mvua za vuli zilikatika. Migunga haikutoa maua. Nyuki walirudi na miguu mitupu, na mizinga ikawa myepesi ukiinyanyua.

Mwezi huo Khalidi alikuja na dada mmoja mtafiti kutoka chuo kikuu, jina lake Gloria. Tulikutana nyumbani kwa mzee Mugeta, mfugaji nyuki mwenzangu, ambaye sauti yake husikika mpaka kijiji cha pili hata akinong'ona. Gloria alieleza kwamba anafanya utafiti juu ya shira ya mahindi yenye fruktosi nyingi. Wanga wa mahindi, alisema, huchanganywa na maji na vimeng'enya hadi ugeuke maji matamu, kisha sehemu ya utamu ule hugeuzwa tena kuwa fruktosi, utamu uleule ulio kwenye matunda na asali. Katika nchi zenye mahindi mengi hutiwa kwenye soda, biskuti, mikate, hata kwenye tomato ya chupa. Na wafugaji wa huko huwapa nyuki wakati hakuna maua.

"Yaani mahindi haya ya ugali?" Mugeta akauliza.

"Hayohayo, mzee."

"Basi mke wangu ananidanganya. Anapika ugali miaka yote na haujawahi kuwa mtamu!"

Watu wakacheka. Mtu mmoja akauliza kuhusu binadamu. Gloria akasema shira ile ikizidi mwilini, ini hujaa mafuta na sukari ya damu hupanda. Lakini sukari ya miwa ikizidi hufanya vivyo hivyo, na watafiti bado wanabishana kama moja inaizidi nyingine kwa ubaya. Tatizo ni wingi.

"Fundi, umesikia?" Mugeta alimpigia kelele Khalidi. "Wewe unakunywaga kreti nzima!"

"Mimi ndiye utafiti wenyewe," Khalidi akajibu. "Nikianguka, aandike."

Gloria alitaka kujua kama shira inaweza kuwaokoa nyuki wetu kwenye kiangazi. Nyuki wa Bukima, kando ya ziwa, wasingepewa kitu, ili tofauti yao ionekane. Mugeta na mimi tungelisha. Khalidi ndiye angezungukia wafugaji na kutueleza kila mmoja kazi yake kwa lugha zetu, maana watu wengine Kiswahili cha ofisini kinawapita. Pia ndiye angechonga mizinga yote ambayo mradi ungehitaji baadaye.

Tulipokuwa tunaondoka, Gloria alinifuata.

"Baba Makongoro, fundi amekueleza vizuri kuhusu kundi lako?"

Khalidi alikuwa amenieleza jinsi ya kulisha: umimine kwenye sahani, uweke vijiti vinavyoelea nyuki wasizame, ufanye jioni ili wasiporwe na nyuki wa nje. Nikaangalia chini. "Amenieleza," nikasema.

Siku chache baadaye Khalidi alikuja na toyo, ile pikipiki ya mizigo ya matairi matatu. Ilikuwa imebeba mapipa ya plastiki, jeupe na buluu. Jeupe, alisema, ni la Mugeta. La buluu ni langu.

Nilisita kidogo. Nyuki hawa walikuwa wa baba, na sijawahi kuwapa kitu kutoka mkononi mwa mtu. Nikasema nilichoweza kusema.

"Fundi, onja kwanza."

Akanitazama. Kisha akacheka, akafungua pipa jeupe, akachovya kile kidole kilichokatwa ncha, akakilamba chote.

"Tamu, mura! Kama soda iliyolala. Wape watoto wetu wale."

Nikacheka na mimi. Akafunga pipa jeupe, akashusha la buluu, akaondoka. Niliona kabisa alionja lipi na akaniachia lipi. Sikufikiri kitu. Pipa ni pipa, na mtu aliyekula masega yangu yote ya kwanza alikuwa ameonja mbele yangu.

Shira ya pipa langu ilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Niliwamiminia nyuki kila jioni. Mwanzo waliijia kwa wingi. Baadaye nikaanza kuwaona wengine wanatambaa chini ya mzinga, matumbo yamevimba, mabawa yanatetemeka lakini hayawanyanyui. Ubao wa mlangoni ulichafuka kwa uchafu wao wa rangi ya kahawia, na nyuki ni viumbe wasafi, hawajisaidii mlangoni kwao. Nilimpigia Khalidi simu.

"Wanakufa, fundi."

"Ni kiangazi hicho. Hata kwa Mugeta wapo wanaokufa. Endelea kulisha, mura."

Nikaendelea. Asubuhi Nyamburi alifagia nyuki waliokufa kama anavyofagia majani, na hakunitania. Mzinga mmoja ulinyamaza, kisha wa pili. Niliweka sikio kwenye mbao za Khalidi nikasikia mbao tu. Hadi mawingu yanaanza kujikusanya upande wa ziwa, mizinga yote ya mbao ilikuwa imekufa. Uliobaki ni ule wa gogo peke yake, juu ya mwamba. Ngazi yangu ilikuwa imevunjika, sikuwa nimepanda kuulisha.

Tuliitwa Musoma kusikiliza matokeo, kwenye ukumbi mmoja Kamunyonge. Nilikaa nyuma. Khalidi alikuwa mbele, amevaa shati jipya, anapanga viti na makreti ya soda. Gloria aliwasha mashine inayotupa picha ukutani. Alionyesha mizinga ya Bukima, isiyolishwa: wengine walikufa, wengine walivumilia. Alionyesha ya Mugeta, iliyolishwa shira mpya: wengi wao walivuka kiangazi. Mugeta akajipigia makofi mwenyewe.

Kisha ukutani nikaona mgunga wangu. Nikaona mzinga wangu na kiraka cha bati nilichopigilia mwenyewe.

"Kundi la tatu," Gloria akasema, "lilipewa shira iliyopata joto kali. Mapipa ya buluu tuliyaacha kwa makusudi ndani ya banda la mabati miezi kadhaa, kwa sababu tunajua wafanyabiashara wengi wataihifadhi hivyo. Joto likizidi, fruktosi huvunjika na kutoa kitu ambacho kinaharibu matumbo ya nyuki. Tulitaka tuone katika hali ya hewa yetu kitaua kwa kiasi gani. Makundi yote yaliyolishwa yamekufa. Mwenye mizinga alielezwa tangu mwanzo na akakubali kuyapoteza, ili wengine wote tujifunze. Naomba tumpigie makofi."

Wakapiga makofi. Ukumbi mzima uligeuka kunitazama, na kila mtu alikuwa anatabasamu. Nikaangalia chini. Nilipoinua macho, Khalidi alikuwa anatoka mlangoni, amebeba kreti la chupa tupu.

Mugeta alinisogelea. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akinong'ona kweli. "Makongoro, ulikubali? Nyuki wa mzee wako?"

"Sikuambiwa."

"Sema basi! Simama useme!"

Nikabaki nimekaa. Watu walipokuwa wanakunywa soda ndipo Gloria alinijia, amenyoosha mikono yote miwili kunishukuru. Nikamwambia, "Dada, mimi sikujua."

Uso wake ulibadilika. "Lakini baba, nilikuuliza."

"Uliniuliza kama amenieleza. Alinieleza kulisha. Kufa hakunieleza."

Alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Akamtuma mtu amwite Khalidi, lakini toyo ilikuwa imeshaondoka. Aliniomba radhi, akalia kidogo, na mimi nikaona aibu kwa sababu alikuwa anatazamwa. Kisha akasema jambo ambalo halijanitoka moyoni mpaka leo. Alisema kwa kuwa sikuridhia, mizinga yangu italazimika kuondolewa kwenye utafiti. Haitahesabiwa. Ndiyo kanuni, na ni kanuni nzuri, kwa ajili ya kuwalinda watu kama mimi. Lakini mimi nilielewa hivi: nyuki wa baba walikufa kwa ajili ya elimu, na sasa hata elimu yenyewe inawakataa.

Mradi uliniletea mizinga mipya iwe fidia. Ilichongwa na Khalidi. Niliijua kwa vifuniko vyake. Hakuileta yeye, iliteremshwa na dereva nisiyemjua. Niliitundika, nikapaka nta ndani, nikasubiri kundi lolote linalopita liingie. Waliingia mijusi.

Mzinga mmoja wa gogo hauwezi kulisha nyumba. Nyamburi alinizuia nisirudi machimboni, kwanza kwa maneno, kisha kwa machozi, kisha akanyamaza, na huko kunyamaza ndiko nilikoogopa. Nikarudi Buhemba. Nilianza juu, kwenye kuponda mawe, vumbi jeupe hadi kwenye kope. Msimamizi akaniambia juu watu wamejaa, wiki inayofuata nitashuka shimoni, kama zamani.

Jumapili iliyotangulia wiki hiyo nikaenda Bunda.

Khalidi alikuwa palepale, nyuma ya soko, akikata ubao kwa msumeno. Mwanahalima aliponiona aliinuka, akasema anakwenda kununua mafuta, akaacha vitumbua vyake vikiungua kwenye chuma. Chupa ya soda ilikuwa kando ya Khalidi, na safari hii ilikuwa imefunikwa.

"Mura," akasema.

"Fundi."

"Umekonda."

"Niko Buhemba."

Msumeno ukasimama katikati ya ubao. "Shimoni?"

"Juu. Kesho nashuka."

Aliutoa msumeno, akapuliza vumbi lake, akaurudisha palepale bila kukata. "Na mizinga niliyokuchongea?"

"Mitupu."

Sikujua jinsi ya kuuliza, na nadhani yeye alijua kwamba sijui, kwa hiyo alijibu bila kuulizwa.

"Walitaka mtu wa kundi la tatu. Nisingempata, wangeenda wilaya nyingine, na mizinga ingechongwa huko. Karakana ilikuwa imekauka, mura. Watu wananunua vitanda vya chuma siku hizi. Nikafikiri nimwambie nani? Mugeta angepiga kelele mpaka Dodoma wasikie. Wa Bukima wangeniuliza maswali mpaka magharibi. Wewe..."

"Mimi nini?"

"Wewe hukuwaga na maswali. Nilijua utaniomba kitu kimoja tu, nionje."

"Ukaonja pipa la Mugeta."

"Nilijiambia shira ni ileile. Nilijiambia hawatakufa wote."

"Nilikupigia simu. Ukasema niendelee."

Alikiangalia kile kidole chake kama vile hajawahi kukiona. Nilikumbuka kile kidole kikishika mtaimbo kwenye kaburi la Revocatus. Nilikuwa nimekuja na maneno mengi, nimeyapanga njia nzima, lakini yaliyotoka hayakuwa hayo.

"Ule wa gogo umebaki," nikamwambia. "Mvua zikinyesha vizuri, nyuki wa baba watagawanyika tena. Kama sijafukiwa, nitawatia kwenye mzinga mmojawapo kati ya ile uliyoichonga. Sega la kwanza ni lako. Utakuja?"

Sijui kwa nini nilimuuliza. Labda nilitaka akubali. Labda nilitaka aseme jambo lolote ambalo lingenirudishia yule mtu aliyewasubiri nyuki washibe.

Khalidi alichukua futi kamba, akaupima ubao ambao alikuwa ameshaupima na kuutia alama. Hakuniinulia macho.

"Tafuta fundi mwingine wa kuonja," akasema.